Nimehamishwa Benchi

Aidan, bado nasikia ile pssss ya mashine ya presha. Niliisikia nyuma ya pazia kabla sijaitwa, nikacheka.

Nilimsindikiza mama hospitali, kwenye ule utafiti wa watu wenye kitambi, presha na sukari. Wanawachoma insulini, halafu wanaangalia kama inapunguza vipande vidogo vinavyomwagwa na seli kwenye damu. Wagonjwa benchi hili, wazima wa kulinganisha nao benchi lile. Mimi nikajitolea kama mzima!

Nikamwambia nesi, "Dada, mbeba magunia ya kahawa kama mimi ataugua lini?"

"Tutaona, kaka."

Akapima kiuno. Akapima presha, akarudia. Akanitoboa kidole kupima sukari.

"Kaka, hamia kule kwa mama."

Kule kwa mama, Aidan. Kwa mama! Nikageukia mlango nitoke.

Mama akasema taratibu, "Baba yako naye aliambiwa hivi. Akaondoka kwa hasira, hakurudi mpaka tulipombeba hoi."

Nikakaa. Nikamwambia mbele ya wote, "Mama, kesho asubuhi nakuja bila kunywa chai, wanichome hiyo insulini."