Kutapika kwa Ishengoma

Jumatatu, 12 Mei 2025
Leo tena! Napita senta ya Kanazi, binamu yangu Ishengoma kanipigia kelele mbele za watu: "Bomba huyooo! Ficheni viatu!" Felicitas kacheka mpaka kakaa chini. Felicitas wangu, binti ninayemtaka!
Kisa mwezi jana nilipasuliwa kidole tumbo, nilipozinduka nikatapikia viatu vya nesi. Ishengoma ndiye alikuwa ananiuguza. Katangaza mpaka Izimbya, na jina la Bomba kanipa yeye.
Atalipa. Mimi si wa kuchezewa.

Jumanne, 13 Mei
Ha! Ishengoma ana ngiri, anapasuliwa keshokutwa mjini Bukoba. Mama yake kaniita: mwana wange, nenda ukamuuguze nduguyo. Nimeitikia kwa adabu, kama mtakatifu.

Jumatano, 14 Mei
Wodini. Nesi Vestina — yule yule wa viatu! — kamuuliza: ukisafiri unatapika? Wanaotapika safarini ndio hutapika sana baada ya nusukaputi, kwa hiyo wanapewa dawa mapema.
Mimi niliulizwa hivyo hivyo nikajifanya kidume. Yakanikuta.
Ishengoma naye kavimba: "Sista, mimi mtu wa ziwa."
Ziwa lipi! Mwaka jana tulifuata dagaa visiwani Muleba, alikumbatia ndoo njia nzima, anamwita Bikira Maria. Aliniapisha nisiseme. Basi sisemi! Kesho atapike mpaka jina lake.

Alhamisi, 15 Mei
Niko kwenye benchi. Naandika haraka.
Asubuhi Vestina kaniambia akizinduka nimwangalie sana. Wa ngiri akitapika kwa nguvu, mshono unaweza kuachia, apasuliwe upya. Mbona jana hakusema!
Nikamfuata Ishengoma: sema ukweli, ndugu yangu. Kaangalia mlangoni — Felicitas kaja na chupa ya uji. Ishengoma kacheka kwa dharau: "Bomba, unataka mwenzako wa kutapika?"
Aisee! Nikampisha. Kitanda kikaanza kusukumwa. Nikahesabu hatua nne.
Halafu nikapaza sauti, wodi nzima isikie: "Sista! Huyu muongo! Kwenye boti alijaza ndoo, akamwita na Bikira Maria!"
Felicitas — kicheko! Kashika ukuta! Vestina kaandika kwenye faili, kakimbia kumwambia daktari wa usingizi. Wakamchoma sindano ya kuzuia. Ishengoma kaingia ndani akinitaja mimi na ukoo wangu, ambao ndio wake.
Utamu huo!
Sasa saa tano. Kitanda kimerudi. Hajatapika. Mdomo mkavu, macho nusu. Vestina kamuuliza kama kichefuchefu kipo. Katikisa kichwa, hapana.
Kafumbua macho yote mawili. Anazungusha shingo polepole, kitanda kwa kitanda. Ananitafuta.