Anayeongea kwa Jina Langu Mwankoko

Mtwara, msimu wa korosho

Mdogo wangu Tatu,

Marahaba. Naijibu shikamoo yako kabla hujaiandika, maana najua ndiyo itakayotangulia. Magoti yanaendeleaje? Mvua zimeshika huko Mwankoko, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi ni mzima, ila usingizi umepungua tangu barua yako ilipofika.

Unasema Hamisi, mtoto wa marehemu kaka yetu, amefyeka minyaa ya mpaka upande wa kaburi la mama. Anawaambia majirani kuwa nimempa ruhusa kwa simu, kwamba kiwanja changu hapo apewe mgeni wa kutoka Arusha ajenge mashine ya kukamua alizeti. Tatu, sijaongea na Hamisi. Hata simu sina. Lakini najiuliza pia, kwa nini umeniandikia minyaa ikishafyekwa, si kabla? Usikasirike. Mtu aliyekaa mbali miaka mingi hushuku hata wa tumbo moja naye.

Nikueleze kilichonifungua macho. Chuo ninachotunzia maktaba kimenunua kompyuta. Siku hizi za soko huria kila kitu kinakuja, mwenye duka yeyote anaagiza. Zote zimeunganishwa kwa nyaya kwenye kisanduku chenye matundu na vitaa vinavyopepesa. Wanakiita swichi. Wamekifunga ukutani karibu na meza yangu, nami sikukiamini. Nikamuuliza Fundi Bakari, aliyekifunga, nani amekipa majina yetu.

"Hakuna, Mzee. Kinasikiliza tu. Kila kompyuta ina anwani yake. Ikituma fremu, yaani kifurushi cha habari, swichi inasoma anwani ya mtumaji na kukumbuka ameingilia tundu lipi."

"Na anayetumiwa?"

"Ikimjua, inampelekea kwenye tundu lake peke yake. Isipomjua, inapeleka kwenye matundu yote, isipokuwa lile fremu ilikotokea. Mwenyewe atapokea, wengine watatupa."

"Na asiyeongea?"

"Akikaa kimya muda, inamsahau."

Jibu hilo halikunipendeza. Nikauliza, "Na mwingine akiongea kwa anwani yangu?"

Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Ninyi Wanyaturu! Kuku akitaga, mnamuuliza yai la nani!"

Hata hivyo alinionyesha. Kompyuta ya chumba cha pili aliipa anwani ya kompyuta yangu, akaifanya itume. Papo hapo habari zangu zikaanza kwenda kule. Yangu ilikuwa imewaka, nzima kabisa, lakini hakuna kilichoifikia. "Sasa tuma wewe," akasema. Nikatuma, na swichi ikanirudia. Haikuuliza nani mwongo. Inamwamini aliyeongea mwisho.

Fundi alikusanya vifaa vyake akiendelea kunitania. Mimi nilikuwa nawaza Mwankoko. Jina langu limetoka mdomoni mwa Hamisi, mimi kimya huku pwani, na majirani wamegeukia upande wake. Siwalaumu. Wamemsikia yeye.

Kwa hiyo naongea. Kiwanja sikumpa mtu, na simpi. Mwite balozi wa nyumba kumi, mwite mzee tunayepakana naye, na huyo mgeni mwenyewe. Barua hii isomwe kwa sauti palepale kaburini, Hamisi akiwepo. Usimpe mtu mmoja aende nayo, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Na mpaka ule upandwe minyaa upya kabla ardhi haijakauka.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie asikubali soda ya yule mgeni. Nisalimie mjukuu wako anayesoma Ikungi, na shangazi yetu, kama bado anatambua sauti. Hamisi naye msalimie. Ni damu ya kaka yangu.

Nina hakika mkimaliza kusoma atasema nimempigia tena jana, kwamba neno lake ni jipya kuliko hili. Msibishane naye. Muulizeni tu mama alikuwa akiniita nani kwa Kinyaturu, tukiwa shambani. Wewe unalijua jina hilo, na shangazi analijua. Hamisi hakuwahi kulisikia; kama kweli ningempigia, ningempa jina hilo liwe ushahidi. Siliandiki hapa, nawe usilitamke mbele yake, hata kwa hasira.

Kaka yako akupendaye,
Athumani