Kioo cha Boti Kilichopasuliwa na Harufu

Dada Akinyi, usimwonyeshe mtu kadi hii. Watu wa posta wameshaisoma, wanatosha.

Homa Bay ina samaki watamu na jua la kuzeesha hata plastiki. Jana niliacha wazi kopo la dawa ya kuyeyushia rangi karibu na kioo cha boti ya bwana mkubwa, plastiki kuukuu iliyopindwa ikakazwa kwa skrubu. Leo kimejaa nyufa.

“Umekipiga na nini, karani?” akaniuliza bwana mkubwa.

“Ni mvuke, bwana. Hupenya plastiki iliyozeeka na kuvutwa na skrubu.”

“Na kipande hiki kipya cha plastiki kilicholala kando yake, mvuke ulikiogopa?”

Amesema kesho nitawaeleza polisi, ambao bila shaka wanapenda sayansi. Msalimie mama, mwambie nanenepa. Ukijibu, andika kwa shangazi, Isebania. Nimeanza kupenda mandhari ya mpakani.