Nilivyomjibu Ilunga kwa Kinywa Chako

Mama,

Leo ni Jumamosi, siku yako ya kumwandikia Ilunga: wewe ukisema, mimi nikiandika. Nimekaa kwenye kiti kilekile, simu yangu mkononi. Hakuna anayeniambia cha kuandika.

Ulipokufa, Baba Mkubwa alitukataza kumwambia. "Iko na mitihani. Akijua atarudi, na masomo itaisha." Huko Ulaya Ilunga, kaka yangu ninayemwita Yaya, alikuwa anasoma historia ya mashine za kuhesabu, zinaweza nini na haziwezi nini. Tukakuzika bila yeye. Jioni Baba Mkubwa akanipa simu yako: "Weye njo ulikuwa unamwandikia. Endelea."

Nikaendelea. Daftari langu linaonyesha Jumamosi sita. Niliandika kwamba mguu wako unapona. Niliuliza habari za ugali, kama wewe: "Umekula bukari, ao mikate tu?"

Jumamosi ya nne alikueleza somo lake. Unamwandikia maswali aliyefichwa nyuma ya mlango, na kwa majibu yake tu unaamua kama ni mtu au mashine. Akaongeza: "Mama, weye ningekutambua hata nyuma ya milango kumi."

Halafu, Mungu anisamehe, nikajibu: "Niulize basi."

Akauliza alivunja nini siku umeme ulipokatika tukiwa tunasali. "Chungu cha maharage," nikajibu, "na ukamsingizia shetani kwamba amekusukuma." Akafurahi. "Ni weye, Mama."

Aligundua kifo chako kwa picha ya kilio, aliyoisambaza jirani. Alinipigia mara moja tu. "Umefaulu jaribio, Ngoie. Afadhali mashine." Tangu hapo hajibu. Mitihani yenyewe hakuifanya.

Nina uchungu naye. Nina uchungu na Baba Mkubwa, anayesema sasa kwamba wazo lilikuwa langu. Na wewe pia, Mama. Miaka mitatu nilikuwa mkono wako. Hata mara moja hukuniambia niongeze salamu zangu. Maneno aliyoyapenda yalikuwa yako, au yangu? Sijui tena.

Pumzika. Simu yako nimeizima, sitazungumza tena kwa kinywa chako. Nakuahidi kila Jumamosi nitamwandikia kwa jina langu, hata asipojibu. Leo nimeanza, kwa maneno niliyopaswa kumwandikia siku ileile uliyokufa:

"Yaya, ni minye Ngoie. Mama amekufa."

Binti yako,
Ngoie