Alphonce Hakuvunjika Mkono

Ifakara, 9 Mei 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakujulia hali wewe na mpunga, ingawa leo sina moyo wa salamu. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Nimetoka ofisini ghalani na uji wa Alphonce, nikakuta kitanda chake cha hospitali kimetandikwa upya. Nilidhani kaka yangu amekufa. Muuguzi akaniambia, "Mzee wenu kamchukua. Anasema mkono umevunjika, anampeleka kwa mganga wa mifupa."

Kwa nini hukunisubiri? Kijana wa miaka ishirini na sita mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki, nawe unaangalia mkono? Daktari ameupima moyo wake. Kuna kijinyama kimeota kwenye vali, ule mlango mdogo unaopitisha damu. Kipande kimemeguka, kikaziba mshipa wa ubongo. Ndicho kiharusi chenyewe. Kikimeguka kingine, hatutapata hata nafasi ya kugombana. Anatakiwa Dar es Salaam, apasuliwe, kitolewe.

Simu haishiki huko shambani, ndiyo maana nampa Jofrey wa bodaboda barua hii. Mrudishe.

Binti yako,
Natalia

Shambani, Mchombe, 11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ndege tu ndio wengi kuliko mpunga.

Umenifokea kama kibarua wa ghala lenu. Kiharusi ni cha wazee. Mimi wa miaka sitini hakijaniona, kiniruke kimshike mtoto? Alphonce alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, anaamia ndege, akaanguka. Kishindo nilikisikia mwenyewe. Anayeanguka dunguni huvunjika, hilo halihitaji darasa. Mzee Fulgensi kamfunga vijiti vya mianzi, anamkanda kwa maji ya moto. Hao wanaotaka kupasua moyo wa mtu aliye hai, waanze na wa kwao.

Baba yako,
Hilari

Ifakara, 12 Mei

Baba,

Shikamoo. Naogopa kukuandikia hivi, lakini kunyamaza naogopa zaidi.

Mkono ulipigwa picha. Mfupa ni mzima. Mmefunga vijiti kwenye mfupa usiovunjika, na chenye kuua kinaning'inia moyoni. Nimewachukia hata majirani waliopita wodini wakasema "poleni kwa ajali", asiwepo wa kuuliza ajali ilianzaje.

Wewe ulisikia kishindo. Kilichotangulia hukukiona. Muulize yeye, ajibu hata kwa ishara: mkono uliokuwa ukivuta kamba ya makopo ya kufukuzia ndege ulilegea kabla ya kuanguka, au baada? Akisema baada, sitakusumbua tena.

Binti yako,
Natalia

Mchombe, 14 Mei

Natalia,

Marahaba. Nimemuuliza mbele ya Fulgensi, pasije pakawa na maneno. Nimempa kamba. Akagusa mkono mbovu, akaiachia kamba, kisha akaonyesha chini. Nikaligeuza swali ili nimkamate. Akarudia vilevile. Mara ya tatu akanitazama kama unavyonitazama wewe.

Fulgensi anasema dungu lina pepo. Nimemwambia dungu nimelijenga mimi. Vijiti nimevikata.

Lakini usinifokee tena kwa maandishi. Bahasha hukuifunga, Jofrey kaisoma, anacheka barabara nzima.

Nimemtuma atangulie na hii. Kesho tunapanda basi la kwanza. Ndege na wale huo mpunga. Daktari asiende popote. Kama ipo namna ya kumkalisha mtu ili hicho kitu kisimeguke njiani, mpe Jofrey maelezo arudi nayo leo hii, maana hapa hakuna anayeijua, na Fulgensi sitamuuliza.

Baba yako,
Hilari