Mkanda Tumboni, Kata Mkononi

Jumatano, 3 Septemba 2008

Maji yamegoma tena. Glasi moja nimeianza wakati wa taarifa ya habari ya asubuhi. Nimeondoka kwenda kazini imebaki nusu. Kila funda hukaa juu ya mkanda kama mtu aliyekuta ofisi imefungwa na hataki kuondoka mlangoni. Kisha hupanda. Si kutapika, kwa maana kutapika kuna nguvu yake. Huku ni kucheua — jambo la ng'ombe na watoto wachanga.

Niandike kwa utaratibu, maana hasira inanivuruga. Mwaka jana, Nairobi, nilifungwa mkanda laini sehemu ya juu ya tumbo ili nile kidogo. Niliamua mwenyewe, baada ya kusoma nilichoweza kukipata. Mama alikatwa mguu kwa kisukari, kisha akafa, nami nilikwisha kuuona mwili wangu ukiifuata njia ileile. Sijutii sababu. Mkanda wenyewe hukazwa kwa sindano: chini ya ngozi kuna kifuko kidogo, daktari hukichoma, huongeza maji ya chumvi, mkanda hubana. Wiki iliyopita aliukaza tena. Sasa maji yaliyomo ndani ya mkanda yanazuia maji ya kunywa yasipite. Yangekuwa yamempata mtu mwingine, ningecheka.

Nimempigia. Amesema kwa upole kwamba ni kawaida, ninywe kidogo kidogo, mwili utazoea. Sauti ya mtu mwenye glasi ya maji mezani pake. Hilo nimeliandika kwa hasira. Sikuiona glasi yoyote.

Ijumaa, 5 Septemba

Kiungulia. Nikijilaza tu, moto unapanda mpaka nyuma ya ulimi. Nalala nimeketi, mito mgongoni, kama abiria.

Ofisini mhasibu ameniona narudisha chai bila kuigusa. "Madam, mwaka huu umefunga na sisi?" Wamecheka, nami nimecheka. Yeye magharibi itafika na atafuturu. Magharibi yangu mimi iko Nairobi.

Mchana tulipanda Ngorongoro, kwenye birika la mifugo chini ya msitu. Kazi yangu ni kujua ng'ombe wangapi wanakunywa wapi, na nyasi zinazobaki zinatosha nani. Kiangazi kimekaza, vumbi mpaka kwenye kope. Naeku, ambaye hunipokea kila nikifika, alinipa chai ya maziwa. Niligusisha midomo nikairudisha. Akanitazama sana.

"Unakuja kuandika ng'ombe wetu wanavyokunywa," alisema, "na wewe mwenyewe hunywi. Nani akuandike wewe?"

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilikasirika, si kwa ajili yao. Mbele yangu ng'ombe mmoja alizamisha mdomo akavuta maji, koo likicheza, tena na tena. Nilimwonea wivu ng'ombe. Mwanamke mwenye shahada mbili.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa, kwa Godson. Mdogo wangu amejenga nyumba kubwa nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi, na leo sebule ilikuwa ofisi ya harusi. Tarehe imepangwa: Jumamosi ya tarehe ishirini, watu wa Ganako wanaleta posa ya Jackline. Jackline ni binti yake wa kwanza. Kijana anaitwa Clemensi, Mwiraqw, mwalimu wa hesabu. Nampenda. Naliandika hapa ili libaki: nampenda kijana yule.

"Dada, kata ni yako," Godson akasema.

Najua ni yangu. Katika ukoo wetu, wakwe wakija, haanzi kunywa baba wala mama. Anaanza shangazi. Si kuonja: anaimaliza kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kisha anaigeuza kifudifudi ili kila mtu aone hakuna tone. Akiacha chochote, amekataa, na hakuna atakayemuuliza sababu. Bibi yetu aliwahi kuiacha nusu. Wageni walichukua fimbo zao wakaondoka, na binti yule aliolewa na mwingine kabisa. Hadithi hiyo Godson amekwisha kuwasimulia watu wa Ganako, kwa fahari. Kwa hiyo watakuwa wanalitazama koo langu.

Nikasema tumbo langu haliko sawa, labda aanze mtu mwingine.

"Tumbo gani tena? Si ulitibiwa vidonda huko Nairobi?"

Ndivyo nilivyowaambia: vidonda vya tumbo. Ukweli anaujua rafiki yangu Lukresia peke yake. Niliona kuwa mwili ni wangu na maelezo ni yangu. Bado naona hivyo, ingawa si kwa uhakika uleule.

Verediana, mke wake, alinisubiri jikoni. "Wifi, nisamehe. Watu wanasema. Ulikuwa mama wa nguvu, sasa blauzi inaning'inia, kila ukila unakimbilia nyuma ya nyumba. Wanasema umekanyaga miwaya. Na upande wa pili wamesikia."

Wanasema nina UKIMWI, basi. Nilifungua mdomo nikane, nikaufunga. Nikikana kwa ukali, namtukana nani? Wangapi nimewazika waliokufa kwa ugonjwa huo, wakinong'onwa hivihivi? Lakini nikinyamaza, Jackline ndiye anayenong'onwa.

"Kwa hiyo kunywa," Verediana akamalizia. "Kunywa, wafunge midomo."

Midomo yao ifungwe kwa koo langu. Vizuri sana.

Jumanne, 9 Septemba

Lukresia amekuja na sare yake ya uuguzi, moja kwa moja kutoka zamu. Tulisoma sekondari pamoja. Hana muda wa kunibembeleza. Amenibana ngozi ya mkono, akaangalia inavyochelewa kurudi.

"Mkojo wako rangi gani?"

"Chai."

"Ya rangi au ya maziwa? Usinicheke, Anneth."

Anasema mkanda umekazwa kupita kiasi, ama umesogea, na vyote viwili dawa yake ya kwanza ni moja: kuyatoa yale maji ya chumvi. Nikamwomba ayatoe yeye. Sindano ni sindano. Amekataa. Sindano ya kawaida itakiachia kifuko tundu linalovuja, na hapa hakuna aliyewahi kuuona mkanda kama huu. Wakinichoma kwa kubahatisha, wanaweza kuharibu kisichotengenezeka. "Nenda Nairobi kesho."

Nimepiga simu. Daktari amesafiri. Msaidizi wake amenipangia tarehe ishirini na mbili. Nimemuuliza kama kwa muda huo mtu huishi bila kunywa. Amesema ataandika swali langu.

Alhamisi, 11 Septemba

Supu ya kuku iliyochujwa — imepanda. Maji baridi — yamepanda. Maji ya uvuguvugu mchana, kijiko kwa kijiko, yamepita kidogo. Nilikaa kimya kabisa nisije nikayashtua.

Kiungulia kimenichoma mpaka sauti imekwaruza. Mkutanoni wamedhani nazungumza kwa ukali. Wamenisikiliza kuliko siku zote.

Jumatatu, 15 Septemba

Nachunguza hasira yangu kama ninavyochunguza takwimu zisizokubaliana. Namkasirikia daktari. Lakini siku ile aliniuliza, "Nikaze kidogo zaidi?" nami nilisema ndiyo. Kweli nilisema. Ila ndiyo ya mtu aliyelazwa chali, tumbo wazi, mbele ya mwenye sindano — je, hiyo ni ndiyo kamili? Sijui. Jana niliamini haikuwa. Leo nadhani ilikuwa, na bado yeye ndiye aliyepaswa kunipa maji ninywe mbele yake kabla sijashuka kitandani. Hakunipa. Hapo ndipo ninaposimama, mpaka nipate hoja bora.

Jioni Jackline amekuja. Alikaa ukingoni mwa kiti, kama mgeni.

"Shangazi, humtaki Clemensi?"

"Nani kasema?"

"Mama anasema unatafuta njia ya kuikwepa kata. Na Clemensi ameulizwa kwao kama ukoo wetu unadharau Wairaqw."

Nikamwambia. Yote: bibi yake alivyokatwa mguu, mkanda, sindano, maji. Niliuweka mkono wake ubavuni mwangu akakisikia kifuko, kigumu kama kifungo cha koti. Akacheka kwa nafuu, kisha akalia, kisha akanikasirikia. Watu wanatafuta chakula, Shangazi, na wewe umelipeleka tumbo likafungwe? Nilimjibu kwamba bibi yake hakufa kwa njaa.

Nilidhani yamekwisha.

"Lakini utakunywa?" akauliza. "Kidogo tu?"

"Kata haina kidogo, Jackline. Baba yako amekwisha kuwaeleza."

"Basi waambie ukweli."

"Kwamba shangazi wa bibi harusi amejifunga mkanda tumboni? Wataenda kusimulia nini Ganako?"

Alifikiri. Niliona anavyofikiri, na nilijua jibu kabla yake.

"Basi kunywa, Shangazi. Mara moja tu. Kisha nitakuuguza mwenyewe."

Ameondoka na nimebaki na hasira ya kila aina, na haina wa kumwangukia. Msichana ameomba kitu kinachoombwa na kila msichana wa ukoo huu. Kwa nini basi nahisi ameniomba figo?

Ijumaa, 19 Septemba

Leo nimeanguka. Si kitu kikubwa: nilisimama haraka kutoka mezani, ukuta ukaondoka. Lukresia amenikuta sakafuni na hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Amenitundikia dripu nyumbani, chupa ikining'inia kwenye msumari wa kalenda. Maji yanayoingia kwa mkono. Tumbo limepitwa kabisa, kama kijiji kisicho na barabara.

Amepata kwa simu daktari mwingine huko Nairobi, mwenye sindano inayofaa, atakayenipokea wakati wowote nikifika. Gari la kaka yake lipo. "Tunaondoka kesho asubuhi."

"Kesho mchana. Baada ya kata."

"Anneth, mbege? Ni nzito, ina ulezi, ina chachu. Itakaa pale juu ya mkanda na kuumuka. Ukipaliwa, ikiingia kwenye mapafu, mimi nitasema nini? Kwamba ulikuwa na heshima?"

Nimeyapima yote mawili tangu aondoke. Nikienda asubuhi, Jackline ameachwa na shangazi yake mbele ya wakwe. Nikikaa, natembea na jambo nisilolijua ukubwa wake. Mtu mwenye busara angeondoka. Lakini nilishawaona watu wengi wenye busara wakiwasili kwenye harusi wakiwa wamechelewa, na hakuna aliyewasamehe.

Nimempigia simu nikamwambia: gari lisubiri getini kwa Godson. Kata moja, kisha Nairobi. Ameniita mjinga. Nadhani ana haki. Nadhani.

Jumamosi, 20 Septemba. Chumbani kwa Verediana

Nimejifungia. Lazima niipe mikono kazi, kwa hiyo naandika. Beseni liko miguuni.

Nilikunywa. Nilisimama mbele yao wote, Mzee Raphaeli, baba yake Clemensi, akiliangalia koo langu waziwazi, bila hata kuona haya. Nikainamisha kata mara moja. Nikaigeuza. Hakuna tone. Vigelegele mpaka mabati yakalia. Mzee Raphaeli akasema, "Kumbe shangazi ni mzima," na nilisikia watu wakipumua. Nilitaka kumtupia kata. Jackline peke yake hakushangilia. Alikuwa ameuziba mdomo wake kwa viganja viwili, kama anayeuzuia wangu.

Nilitabasamu. Nilitembea, sikukimbia. Nusu imerudi hapa, na povu lake. Nusu nyingine haishuki wala haipandi. Inaumuka kama Lukresia alivyosema, na maumivu yanavuta mpaka bega la kushoto.

Ingetosha. Ilipangwa itoshe. Ila Godson amekuja mlangoni.

"Dada, toka. Mama yake Clemensi ameleta kibuyu cha pombe ya asali. Kumbe na wao wana la kwao: mama wa kijana anamnywesha shangazi kwa mkono wake mwenyewe, ndiyo udugu. Wamesimama wanakusubiri."

Tumewaeleza desturi yetu kwa wiki nzima. Baba yetu alihamia hapa kutoka Kilimanjaro kabla sisi hatujazaliwa. Tumezaliwa hapa, tumezika hapa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza majirani zetu yao ikoje. Wala mimi, msomi wa kuuliza maswali.

Nikamwambia siwezi.

"Umeweza ya kwanza," akasema.

Hayo ndiyo malipo ya kuweza.

Simu: Lukresia. Yuko getini, gari linawaka. Neno moja tu ameandika: SASA.

Godson ameondoka. Sasa ni Verediana, ananong'ona kwenye tundu la ufunguo. "Wifi, anakuja mwenyewe huku. Lisukume beseni chini ya kitanda. Jifute. Sema ni joto."

Nimelisukuma chini ya kitanda. Nimejifuta. Nimejitazama kwenye kioo cha meza yake ya kujipamba: mwanamke aliyependeza, wangesema. Amepungua.

Nyayo. Sauti nisiyoizoea, Kiswahili chenye mwendo wa Kiiraqw, haina haraka. Ni Martha, mama yake Clemensi.

"Mama Shangazi. Nilikuona wakati unatembea. Mimi nimezaa saba, najua mtu anayetembea hivyo. Kibuyu nimekiweka chini. Nifungulie nikuone."

Kutoka uani Godson anacheka kwa sauti kubwa, anawaambia wageni kwamba dada yake anajipamba.

Labda ni mtego wa upole. Labda anataka tu kuona ugonjwa gani, akawaeleze. Sina ushahidi wa hili wala lile.

Nimelivuta beseni kutoka chini ya kitanda, alione mwenyewe.

Anabisha tena, kwa kidole kimoja. Nafunga daftari. Beseni linataka mikono yote miwili.