Moshi Juu ya Omena

Otieno mjukuu wangu,

Huku Migosi tuko salama, na goti la nyanyako limepoa. Lakini barua yako imenipandisha hasira! Eti utie dizeli kwenye ekzosi ya ndege yako ya rimoti ili itoe moshi? Mjinga gani amekudanganya?

Mimi nilifanya hivyo nikiwa kijana, ufukoni Usenge. Ndege ilipita chini, watu wakashangilia moshi mweupe, kisha mafuta yakatua juu ya omena, dagaa wa kuuza, aliyoanika mama yangu. Wanunuzi walinusa, wakaondoka. Nami nikasema, "Mama, si ni moshi tu!"

Jioni mama aliipika omena ileile, akaniwekea na ugali, akakaa kunitazama nikila.

Sasa nijibu wewe: huko unakorushia, chini kuna nani ameanika?

Babu yako